Mji usio na magari si mji usiohitaji gari

Mpwa wangu alinipigia simu mwezi uliopita, usiku wa kuamkia Ijumaa, sauti yake imejaa furaha lakini ndani yake mna wasiwasi. "Halati, tumepata!" Mumewe ni Mswisi, walijuana Diani alipokuwa mpishi katika hoteli moja pale, na sasa wanataka kurudi kwao. Amekubaliwa kazi mbili kwa mpigo, zote katika miji ya milimani wanakokwenda watu kuteleza kwenye theluji. Moja iko Zermatt, nyingine Davos. Wana mtoto wa miaka mitatu mwenye pumu. Gari hawana, na pesa za kununua gari hawana. Alitaka nimwambie waende wapi.

Kabla sijafungua mdomo akaniletea sababu yake. "Zermatt hakuna magari kabisa, halati. Kama kwetu Lamu. Si huko ndiko kutakotufaa?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo nilijiambia mwenyewe miaka tisa iliyopita, na yakanitoa kazini.

Naandika haya kwa sababu si yeye peke yake anayeniuliza. Vijana wetu wa Pwani wameoa na kuolewa na Wazungu wa Uswisi, Austria na Ujerumani miaka mingi sasa, na wengi wao wamekulia kwenye kazi za hoteli. Wakifika Ulaya, kazi wanazoziona kwanza ni za hoteli, na hoteli nyingi ziko huko juu kwenye theluji. Basi mtu huchagua mji kwa picha. Anaona mlima mweupe, nyumba za mbao, taa za manjano dirishani, anasema hapa ndipo. Hakuna picha inayokuonyesha kituo cha basi saa 2 za usiku mwezi wa Novemba.

Kwa asiyejua, mji wa skii ni mji ulio chini ya mlima wenye theluji ya kutosha, ambapo watu hupandishwa juu kwa treni au kwa vyumba vinavyoning'inia kwenye waya, kisha wakashuka wakiteleza, miguu imefungwa kwenye mbao mbili ndefu. Miezi ya Desemba hadi Aprili mji hufurika. Davos, kwa mfano, ndiko kulikojengwa mwaka 1934 mashine ya kwanza ya aina ya kumvuta mtelezaji mpaka juu kwa kipande cha mbao chenye umbo la nanga. Kabla ya mashine kama hizo kuenea, watelezaji wengi waliupanda mlima kwanza kwa miguu yao.

Sasa turudi Lamu, maana mpwa wangu hakukosea alipoitaja. Amekosea alipoishia.

Mimi nimezaliwa Langoni. Nimekua napita vichochoro na punda, mizigo yetu hubebwa na mikokoteni na mashua, na gari nilikuwa naliona nikivuka kwenda Mokowe. Mtu wa Lamu akijiuliza vizuri atagundua kwamba hakuishi bila gari. Aliishi na gari lililoegeshwa ng'ambo. Mwenye pesa ana gari lake Mokowe. Asiye na pesa anangoja basi la Mombasa. Na mgonjwa akizidiwa mpaka ahitaji kupelekwa hospitali za mbali, kwanza ni boti, kisha ni barabara. Uzuri wa mji usio na magari uko ndani ya mji. Ukitoka nje ya ukuta wake, unahitaji chombo kama kila mtu.

Zermatt iko hivyo hivyo. Mokowe yake inaitwa Täsch. Magari ya petroli na dizeli hayaruhusiwi kuingia mjini. Wageni huyaacha Täsch, kilomita 5 chini, katika maegesho yenye nafasi zaidi ya 2,000, kisha hupanda treni ya dakika 12. Treni hiyo hupita kila dakika 20 mchana. Ndani ya mji utaona vigari vidogo vya umeme, vyenye umbo la kisanduku, vinavyobeba mizigo ya hoteli kimya kimya mpaka kinakutokea nyuma ushtuke. Pana hewa safi, pana mlima wa Matterhorn wenye mita 4,478 unaokutazama kila ukiinua kichwa. Mji mzuri, sitausingizia.

Lakini wakazi wake hawafiki hata 6,000, na nyumba za kupanga zinagombaniwa na watu wenye pesa za dunia nzima. Mfanyakazi wa kawaida wa hoteli ya Zermatt mara nyingi halali Zermatt. Analala Täsch, au Randa, au St. Niklaus, vijiji vya chini kwenye bonde hilo hilo. Kwa hiyo aliyechagua Zermatt kwa sababu haina magari huishia kukaa kijiji chenye barabara na magari, na kila siku anapanda treni kwenda mji usio na magari. Mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Maisha yake yote yamefungwa kwenye feri.

Na njia ya Zermatt ni moja tu. Bonde lina treni moja, na barabara moja inayofika Täsch. Januari 2018 theluji ilianguka kwa wingi mno, njia zikafungwa kwa hatari ya poromoko, na watalii wapatao 13,000 wakakwama mjini. Waliokuwa na haraka walitolewa kwa helikopta. Kwa mtalii hayo ni masimulizi ya kwenda kuwahadithia wenzake. Kwa mama ambaye zamu yake iko juu na mtoto wake yuko chini, ni jambo jingine.

Yangu yalinikuta si Zermatt, bali katika kijiji kimoja kidogo ambacho sitakitaja, maana watu wake hawakunikosea. Nilijikosea mwenyewe. Tulifika mwezi wa Septemba, mimi na mume wangu. Yeye haendeshi gari. Ana kifafa, na daktari alimkataza usukani tangu ujana wake. Mimi nilikuwa na leseni ya Kenya niliyoipata Mombasa, lakini hilo nitalieleza baadaye kidogo. Nyumba ilikuwa nafuu, ina veranda, na basi la manjano la posta lilisimama hatua mia moja kutoka mlangoni. Nilipata kazi ya usafi katika hoteli ya mji wa jirani, kilomita 5 chini, zamu ya saa 2 asubuhi. Niliangalia ratiba: basi lipo saa 1:15. Nikamshukuru Mungu.

Ilipofika Desemba hoteli ikajaa, na msimamizi akanihamisha nikaandae vyumba vya kifungua kinywa, zamu ya saa 12 kamili asubuhi. Basi la kwanza kutoka kijijini lilikuwa saa 12:40. Hapo ndipo nilipojua kwamba ratiba niliyoiangalia ilikuwa ya kazi niliyokuwa nayo, wala si ya kazi nitakayopewa. Wiki tatu nilishuka kwa miguu gizani, tochi kichwani, pua imekufa ganzi. Siku moja barabara ilifungwa kwa theluji, nikarudishwa na watu wa barabara. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilikuwa bado katika muda wa majaribio, na Uswisi mtu aliye katika majaribio hutolewa kwa notisi ya siku 7. Nikatolewa.

Mwezi wa Februari mume wangu akaanguka usiku, kifafa kilimshika mara mbili mfululizo. Ambulensi ilikuja, hilo sina malalamiko nalo. Tulifika hospitali, wakamtuliza, na saa 8 za usiku daktari akasema mnaweza kwenda nyumbani. Kwenda na nini? Ambulensi inakupeleka, haikurudishi. Basi la kwanza lilikuwa la asubuhi. Tukachukua teksi ya faranga 140, na mimi ndiyo nimepoteza kazi.

Mtaniuliza, kwa nini usinunue gari hata bovu? Leseni ya nchi kama yetu inakubaliwa Uswisi miezi 12 tu tangu siku unapohamia. Baada ya hapo inabidi ubadilishe, na sisi tunatakiwa kwanza tuendeshe mbele ya mkaguzi. Ukifeli siku ile, hupewi nafasi ya pili kwa leseni hiyo. Haitambuliwi tena nchini humo, unaanza upya kama mwanafunzi, kuanzia kozi ya huduma ya kwanza. Mimi nimejifunza kuendesha kushoto, kwenye mzunguko ambako mwenye moyo mkubwa ndiye anayepita kwanza. Huko wanaendesha kulia, na kwenye makutano madogo yasiyo na alama, anayetoka kulia kwako ana haki hata kama anatoka kichochoroni. Nilimpita mmoja. Mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi, na nikajua. Tena gari lenyewe si bei ya kulinunua tu: pana bima, magurudumu ya baridi, ukaguzi, na mahali pa kuliegesha ambapo katika miji hii hulipiwa kodi kama chumba.

Kwa hiyo ukikosa gari, chombo chako ni ratiba. Na ratiba ya Uswisi ni kitu cha kujifunza kusoma, kama vile baharia anavyosoma maji. Tangu 1982 treni zao zimepangwa zipite dakika zile zile kila saa. Ikiwa treni yako inaondoka na dakika 7, itaondoka na dakika 7 saa inayofuata, na inayofuata, mpaka usiku. Zaidi ya hayo, treni zimepangwa zikutane katika vituo vikubwa, wewe ushuke hii upande ile, na basi la posta liwe limesimama nje linangoja. Mfumo huu ndio unaomwezesha bibi wa miaka 80 kuishi kijiji cha juu na kwenda sokoni peke yake. Sijui kama matatu zetu zitafika huko, lakini nilipouelewa nilikaa kitako nikastaajabu.

Ubaya ni kwamba mfumo huo una mipaka yake, na mipaka hiyo haionekani mpaka uitafute. Mimi sasa mtu akiniletea jina la mji, jambo la kwanza namwambia afungue ratiba ya reli ya taifa kwenye simu, aandike safari kutoka mlango wa nyumba anayotaka kupanga mpaka mlango wa kazi, na achague tarehe ya Jumapili moja ya mwezi wa Novemba. Februari kila mji wa skii una mabasi. Mabasi mengi ya watelezaji yamewekwa kwa ajili ya msimu, tena mara nyingi ni ya bure kwa mwenye kadi ya mgeni au tiketi ya mlimani. Msimu ukiisha, nayo yamekwisha. Mwezi wa Mei na Novemba hoteli nyingi hufungwa, vyumba vya waya husimamishwa vikaguliwe, na njia iliyokuwa na basi kila robo saa hubaki na la kila saa, au la saa mbili. Wewe huondoki na watalii. Wewe bado una mtoto wa kupeleka shule.

Kisha atafute basi la kwanza na la mwisho. Basi la mchana halina shida popote. Hotelini anayepika kifungua kinywa anaanza kabla ya mapambazuko, na anayeosha vyombo vya chakula cha usiku anamaliza saa 5. Ikiwa la mwisho linapanda saa 1 ya usiku, kazi nusu ya zilizopo katika mji huo si zako, hata kama zimetangazwa. Na aangalie pia zamu isiyo yake, kwa sababu zamu hubadilishwa, hilo nimelilipia. Ratiba yenyewe hubadilika katikati ya Desemba kila mwaka, hivyo anayehamia Oktoba aangalie na ile mpya ikishatolewa.

La tatu ni ile saa 8 ya usiku. Hospitali iko wapi, na unarudije? Zermatt ina madaktari, na ina helikopta za Air Zermatt zilizoanza kazi 1968, watu hodari ambao wameokoa wengi. Lakini kwa hospitali yenyewe unashuka mpaka Visp, zaidi ya saa nzima kwa treni. Kwa mtoto mwenye pumu mimi hili naliweka mbele ya kodi ya nyumba.

Kuna mambo ambayo ramani haikwambii. Ramani ya simu inasema nyumba iko mita 700 kutoka kituo. Mita 700 za Lamu ni tambarare, unatembea ukisalimiana na watu. Mita 700 za mlimani zinaweza kuwa ngazi tupu, na ngazi hizo Januari zimefunikwa na barafu. Nilinunua vyuma vidogo vya kuvalisha viatu, vyenye meno, na bado nimeanguka mara nne. Mama wa huko hawasukumi mtoto kwa kigari. Wanamfunga kwenye kisleji cha mbao na kumvuta kwa kamba, na wakirudi dukani wanavuta viazi na maziwa kwa kisleji hicho hicho. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani ni mchezo. Ndiyo mkokoteni wao. Basi panga nyumba iliyo sawa na kituo, au chini ya kituo kidogo, na uulize kama njia ile husafishwa asubuhi na mapema. Njia za magari husafishwa kwanza. Njia ya miguu inaweza kungoja.

Na utahitaji kushuka mjini mara kwa mara kuliko unavyodhani. Daktari wa macho yuko chini. Ofisi za serikali ziko chini. Nyama ya halali iko chini, maana Uswisi imekataza kuchinja mnyama bila ya kumzimisha kwanza tangu 1893, nyama huagizwa nje, na maduka yake yako katika miji mikubwa ya bondeni. Mimi huenda mara moja kwa mwezi na begi la magurudumu, nikirudi friji imejaa. Kwa safari hizo kata kadi ya nusu nauli siku unayofika, usingoje. Ni chini ya faranga 200 kwa mwaka na kila tiketi unailipa nusu. Mtoto chini ya miaka 6 akiwa na mzazi hasafiri kwa pesa, na akishavuka hapo kuna kadi ya faranga 30 kwa mwaka anayosafiri nayo bure akiwa na mama au baba yake mpaka atimize miaka 16. Ipo na tikiti ya mwaka mzima ya kupanda karibu kila kitu nchini, lakini hiyo ni kama faranga 4,000, na usiinunue kabla hujapiga hesabu ya safari zako kwa miezi mitatu.

Mimi baada ya mwaka ule tulihamia Davos, na hapa niseme wazi kwamba naupendelea kwa kuwa ndipo ninapokaa. Si mji mzuri wa kutazama. Nyumba zake nyingi ni masanduku yenye paa bapa, na anayekuja akitarajia kijiji cha kadi za posta huuliza kama amefika. Magari yamejaa barabarani. Hapo ndipo penye mzaha wenyewe: katika mji huu uliojaa magari ndimo nilimoacha kulihitaji gari.

Reli ilifika Davos mwaka 1890, na mji ukakua kwa urefu kuifuata. Una stesheni mbili, Dorf na Platz, kama kilomita 3 kati yake, na mabasi ya mji yanazunguka katikati mchana kutwa. Reli ya kupanda mlima wa Parsenn inaanzia karibu na stesheni ya Dorf. Chombo cha kwenda Jakobshorn kiko jirani na stesheni ya Platz. Mfanyakazi wa mlimani, wa hoteli, wa duka, wote wanafika kazini kwa basi moja. Wakazi ni kama 11,000, na hicho ndicho kitu kinachousaidia: mji wenye watu hao una shule zake, una hospitali yake, una maduka yasiyofungwa Mei. Mabasi yao hayategemei mtalii peke yake. Mume wangu tangu tuhamie ameanguka tena mara mbili. Mara zote mbili tulirudi nyumbani kwa miguu asubuhi yake, tukapitia mkate njiani.

Maudhi yapo. Mwezi wa Januari likija kongamano la uchumi duniani, mji mzima hugeuka kambi, askari kila kona, mabasi hubadilishiwa njia, na vyumba hupangishwa kwa bei ambayo hata kuitamka ni dhambi. Mwenye nyumba anaweza kukuuliza kwa upole kama hutapenda kwenda likizo wiki hiyo. Soma mkataba wako kabla ya kutia saini. Na jina lenyewe la Davos linadanganya, kwa sababu ni moja ya manispaa kubwa zaidi kwa eneo nchini humo. Kijiji cha Monstein kiko ndani ya Davos kwenye karatasi, nacho kiko mbali juu ya bonde, basi lake ni la kuhesabu. Tangazo likikwambia nyumba iko Davos, uliza ni Davos ipi.

Iko mingine. Engelberg unaifikia kwa treni moja kwa moja kutoka Lucerne kwa dakika 43 hivi, na anayeshindwa kupata nyumba juu anaweza kukaa chini kwenye njia hiyo na bado akafika kazini. Andermatt, ambako tajiri wa Kimisri Samih Sawiris amejenga mahoteli, inanipendeza kwa jambo moja: theluji ikifunga barabara ya kupita mlima wa Oberalp, treni huendelea kupita, na wenye magari ndio wanaokwama. Austria, mji wa Innsbruck ni jiji kamili la watu wapatao 130,000, unakaa mjini na mlima unaufikia kwa basi au kwa reli inayoanzia katikati ya jiji. Kama nisingekuwa na kazi hapa, ningekwenda huko. Wenzetu walioko Marekani wananiambia Park City na Breckenridge zina mabasi ya bure kabisa ndani ya mji, na ni kweli, ila kule shida huanza unapotaka kutoka nje ya bonde, na ndiyo hesabu ile ile ya Mokowe.

Vile vijiji vinavyofikiwa kwa waya tu, kama Bettmeralp, sivishauri kwa mwenye mtoto mdogo isipokuwa awe na ndugu pale. Upepo ukizidi, chombo husimama. Kukaa ukitazama taa za chini na huwezi kushuka kunanikumbusha usiku wa kusi kali, watu wamesimama gatini na hakuna nahodha anayetia boti majini.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu kwa simu, vipande vipande, kwa siku mbili. Alinisikiliza, halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Kazi ya Zermatt inalipa zaidi kwa faranga 600 kwa mwezi, na mumewe ameshaipenda. Sikumlaumu. Pesa hizo ni karo ya ndugu zake wawili huku nyumbani, nami naijua. Nikamwambia basi msitie saini ya nyumba kwanza. Uswisi mwenye nyumba anaweza kukudai dhamana ya mpaka kodi ya miezi mitatu, na kuvunja mkataba kuna notisi yake. Ukikosea, umekosea kwa mwaka.

Tukakubaliana hivi. Mumewe anatangulia peke yake mwanzo wa Novemba, anakaa kwa dada yake Visp wiki mbili. Siku ya kwanza apande na treni ya kwanza kabisa mpaka mlango wa jikoni wa hoteli ile, siku ya pili arudi na ya mwisho. Kisha aende Davos afanye vivyo hivyo. Na usiku mmoja, saa 8, asimame nje ya hospitali ya kila mahali ahesabu itamchukua muda gani na pesa ngapi kufika kwenye nyumba wanayotaka.

Mume wake alilalamika kwamba yeye ni Mswisi, kwao anakujua. Mpwa wangu akamuuliza mara ya mwisho kupanda basi la usiku milimani ilikuwa lini. Akasema alipokuwa shule. Tangu hapo alikuwa na gari la babake. Ameshakata tiketi, anaondoka Mombasa tarehe 2.